Makala ya parke na maji ya Daudi

Neno la leo linaingia ndani ya jiko la kila mmoja wetu. Mtu anayenunua gunia la makala yaliyochomwa katika parke ya Virunga, je, ana sehemu katika damu ya walinzi wanaouawa humo? Wengi hujibu upesi kwamba hana. Yeye amelipa franga zake, amepika sombe, watoto wamekula, basi.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyo. Parke hiyo iliundwa mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji, ikapewa jina la mfalme wao Albert. Ina karibu kilometa za mraba 7,800, kutoka milima ya moto ya upande wa Goma mpaka barafu ya Ruwenzori. Mlinzi hutembea siku nyingi porini, akiondoa mitego ya waya, akivunja matanuru ya makala, akifuata nyayo za wale wanaoua tembo na viboko. Viboko wa Ziwa Edouard na mito yake walikuwa zaidi ya 25,000 katika miaka ya 1970; mwaka 2005 hawakufika hata 1,000. Walimalizwa na wenye bunduki, waasi na askari pia. Na walinzi wenyewe? Tangu parke ianze, waliouawa kazini wamepita 200. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walianguka 12 kwa siku moja, pamoja na dereva na raia wanne. Tarehe 10 Januari 2021 wakaanguka tena 6. Hao ni waume na baba za watu, wazaliwa wa nchi hii hii.

Nimesikia mtu akisema mbele ya maiti: juu ya nini baba wa watoto afe kwa ajili ya mnyama? Swali hilo lina uchungu, lakini halikuwekwa sawasawa. Angalieni yaliyotokea Julai 2007. Gorilla wa familia ya Rugendo walipigwa risasi wakaachwa pale pale. Hakuna aliyechukua nyama. Walinzi na wachunguzi waliona mkono wa biashara ya makala katika kazi hiyo, na sababu yake si ngumu kufahamu: pale gorilla alipo, mlinzi hupita na wageni huja, na mti hubaki umesimama. Ukimwondoa gorilla, hakuna tena anayeuliza habari za mti. Kwa hiyo mlinzi amesimama kati ya mti na mtu mwenye bunduki anayetaka faida. Hata hivyo, sitaki kumdharau mnyama. Ndakasi, gorilla yatima aliyeokotwa mwaka huo huo akiwa ameng'ang'ania maiti ya mama yake, alikufa mwaka 2021 mikononi mwa mlinzi aliyemlea. Mungu hakutupa viumbe ili tuvimalize.

Kuna ndugu wanaojibu kwa Maandiko, nami nawaheshimu. Wanasema: parke ni shamba la Nabothi. Mfalme wa mbali alilipenda, babu zetu wakahamishwa, na leo tukiingia kutafuta kuni tunaitwa wezi. Malalamiko hayo yana ukweli, na Leta haijayajibu vya kutosha. Lakini fuateni gunia. Anayekata mti usiku hapati shamba lake tena. Analipa vikundi vya silaha ili aingie, analipa ili atoke, na kwa miaka mingi FDLR ilikula kodi hiyo. Yeye hubaki na franga kidogo na mgongo unaouma. Je, huyo ndiye Nabothi amerudishiwa? Watumishi wa Yezebeli ndio wanaonenepa.

Basi tuje kwa Daudi. Alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mashujaa watatu walipenya kambi ya Wafilisti wakamletea. Akakataa kuyanywa, akayamwaga mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake damu ya watu. Hakuna aliyeuawa siku ile. Maji yenyewe hayakuwa na uchafu wala hayakuibwa. Alihesabu bei iliyowekwa na wengine kabla kikombe hakijamfikia.

Mtaniambia kwamba Daudi alikuwa na kiu tu, na sisi tuna sufuria isiyopikwa. Ni kweli. Siwezi kumwambia mama wa Goma mwenye watoto saba azime mbabula yake. Umeme wa Matebe ulianza mwaka 2015 lakini haufiki kila nyumba, na vita vimekata hata nyaya zilizokuwapo. Mtu asiye na njia nyingine hahukumiwi sawa na mwenye njia. Tena wakimbizi wa kambi za mwaka 1994 walikata miti ile ile kwa sababu hawakuwa na moto mwingine. Lakini wengi wetu tuna njia, hata kama ni nyembamba. Tangu mwaka 2007, kwa mradi wa EcoMakala wa WWF, wakulima wa Kivu ya Kaskazini wamepanda mikaratusi na akasia kwenye mashamba yao ili kuchoma makala. Muuzaji akiulizwa miti imetoka wapi anaweza kudanganya, ndiyo. Mara nyingine atadanganya. Anayepita shambani mwenyewe hadanganyiki.

Ninaomba tuanze na jiko la kanisa, kabla ya nyumba za wajane. Makala ya sikukuu yanunuliwe kwa mkulima ambaye shamba lake limeonekana kwa macho. Makala ya mkaratusi huisha upesi kuliko yale ya miti migumu ya porini, kwa hiyo wamama wa jiko waongeze gunia moja juu ya hesabu ya kawaida, na mchango wa kila nyumba upandishwe kufuatana na gunia hilo.