Mas-ala ya Sinema za Mitaani na Vijana Watafutao Jina

Ama baad. Mzee mmoja wa hapa Kibaoni alinijia baada ya sala ya alasiri, akakaa kitako barazani, akasema: "Maalim, mwanangu umemsomesha wewe. Sasa amepanda gari moshi la TAZARA pale Ifakara, amekwenda Dar es Salaam kutafuta jina katika muziki wa kufoka. Wamemharibu hawa wenye mabanda ya video. Je, kuonyesha wizi na ulevi wa mitaani, kisha watu wakatozwa fedha kuutazama, si haramu?" Nami sikuwa na jawabu siku ile.

Wanazuoni wa usuli wametufunza kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Nimezikemea sinema hizo mimbarini miaka mingi, wala sijapata kuiona hata moja. Basi niliona haya, nikaitafuta ile aliyoipenda kijana kuliko zote, nayo ni Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David Gitonga wa Kenya na kutolewa mwaka 2012. Kisa chake ni cha kijana wa shamba auzaye sinema kijijini kwao, na tamaa yake ni kuwa mwigizaji. Afika Nairobi, mara anyang'anywa alivyo navyo, atiwa korokoroni, na humo ajuana na mwizi. Kisha awa mtu wa nyuso mbili: huku ajifunza mchezo wa jukwaani, huku aiba vipuri vya magari pamoja na genge. Mwisho wenzake wauawa na polisi, naye asimama jukwaani na msiba wake moyoni.

Atakayesema kwamba uovu usisimuliwe kabisa, na atwambie atafanya nini na Sura ya Yusuf. Ndani yake mna husuda ya ndugu, na kisima, na milango iliyofungwa, na gereza. Na Mwenyezi Mungu ameiita kisa kizuri kuliko visa vyote. Lakini tazama, ewe msomaji, jinsi ipitavyo penye ile milango. Yatajwa imefungwa, ikatajwa sababu ya kusalimika kwake Yusuf, na msomaji hasimamishwi pale akastarehe. Hapo ndipo ilipo mizani. Msimulizi wa uovu hukosa anapotuonjesha utamu wake, na hukosa zaidi anapotuficha bei yake. Katika sinema ile ya Nairobi mna maneno machafu na mambo ya wanawake ambayo sitawaruhusu wanafunzi wangu kuyaona, nami niliinamisha macho. Ama bei ya wizi haikufichwa, imelipwa kwa roho za watu. Hailingani na ile ya Marekani ya mwaka 2005, Get Rich or Die Tryin', aliyoicheza 50 Cent mwenyewe, ambayo jina lake tu lamwambia kijana atajirike au afe akijaribu, kana kwamba hapana njia ya tatu.

Ama kutunga mashairi, Imamu wetu Shafi'i alikuwa mtunzi, na kauli yake yajulikana, kwamba shairi ni maneno, hukumu yake ni hukumu ya maneno. Hassan bin Thabit aliwekewa mimbari msikitini. Na hawa wa kufoka si wote wapuuzi. Joseph Haule, aitwaye Professor Jay, alitoa albamu yake Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, na watu wa Mikumi, jirani zetu, wakamchagua kuwa mbunge wao toka 2015 hata 2020. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa katika mkoa huu wetu wa Morogoro kwa wimbo wa kuwasema wakubwa, na Rais Magufuli akaamrisha aachiwe na wimbo upigwe.

Kilichobaki ni kutafuta jina, na hiyo ndiyo maradhi. Imamu Ghazali ameiwekea kitabu kizima katika Ihyaa, na kwa kweli ameturejea sisi wenye vilemba mara nyingi kuliko waimbaji.

Sasa niseme ambalo mzee yule hakulijua. Mwaka mmoja kabla hajaondoka kijana, nilimkuta chuoni na daftari la mashairi ya kufoka, nikalichana mbele ya wenzake. Nilisoma kurasa mbili kabla ya kulichana. Zilisema juu ya mpunga wa baba yake, na madalali wanunuao kwa lumbesa, gunia lishonewe kilemba juu yake lihesabiwe gunia moja. Asubuhi ile ile nilikuwa nikiwasomesha Sura ya Mutaffifina, iwalaaniyo wapunjao vipimo. Yeye alikuwa ameifahamu, na mimi nilikuwa nikiisoma tu.

Mzee aliporudi nilimjibu kwamba sinema haikumpeleka mwanawe mjini peke yake, nikamweleza khabari ya daftari. Alinyamaza kitambo, kisha akanipa namba ya simu. Nilimpigia kijana usiku, nikamtaka radhi, nikamwomba anisomee yale ya lumbesa.

Akasema: "Shikamoo, Maalim. Nusu yake nimeisahau."