Dhima ya Mtunga Sheria kwa Asiowajua

Mvuvi wa Rukuba, kisiwa kilichomo katika Ziwa Victoria upande wa Musoma, hapigi kura Ulaya wala hana mjumbe wa kumsemea huko. Na hata hivyo, tangu minofu ya sangara ilipoanza kusafirishwa kwenda ng'ambo, amri itolewayo Brussels yaweza kumwondolea mnunuzi mwaloni kabla nyavu zake hazijakauka. Basi lipo suali linalowapasa wenye dini na wenye hekima kulikabili: je, atungaye sheria kwa maslahi ya watu wake ana dhima yoyote mbele ya Mungu kwa watu asiowajua, ambao sheria hiyo huwafikia?

Mwishoni mwa mwaka 1997, kipindupindu kilipoenea Afrika ya Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji, na zuio hilo likadumu hadi katikati ya 1998, ijapokuwa Shirika la Afya Duniani halikuona kuwa hiyo ndiyo njia ya kukinga maradhi yale. Kisha katika 1999 ikadhihirika kwamba baadhi ya wavuvi wa upande wa Uganda walikuwa wakivua kwa sumu, na mlango ukafungwa tena, wala haukufungwa kwa wakosaji peke yao, bali kwa ziwa zima, hata yule aliyetega nyavu zake kwa uaminifu akakuta bei imeanguka, viwanda vimepunguza watu, na deni la injini na nyavu li pale pale.

Simlaumu mzazi wa Madrid akikataa sumu isiingie chunguni mwake. Hiyo ni haki yake, na kumlinda ni faradhi juu ya serikali yake. Wala sidai kwamba waliofunga soko walikusudia kudhulumu. Lakini nia njema humwondolea mtu lawama ya chuki, haimwondolei lawama ya kughafilika. Na mwenye uwezo wa kupambanua kati ya mwema na mwovu, kisha akawachanganya kwa kuwa kupambanua kuna gharama, ameitupa gharama hiyo juu ya mnyonge, na hiyo naiita dhulma.

Walakini Ulaya ilikuwa na hoja, nayo yatuuma zaidi: ilitaka ithibitishiwe kuwa samaki ni salama, na serikali zetu, zilizokwisha kutoza ushuru wa minofu miaka mingi, hazikuwa na maabara za kutosha za kupimia mabaki ya sumu. Miaka hiyo hiyo mapanki, yaani vichwa na mifupa ibakiayo viwandani, yalikuwa kitoweo cha maskini wa kando ya ziwa. Na ikiwa sangara yule alibeba sumu, wao hawakuwa mbali nayo kuliko mlaji wa Madrid. Brussels haikuwa na ahadi nao. Ahadi hiyo ilikuwa yetu.