Daftari Nililolinyamazisha

Daftari likikaa kimya kwa kuwa wewe ndiye uliyeliagiza linyamaze, halafu mtu akaitwa mwongo kwa sababu ya kimya hicho, nani kadanganya?

Programu nyingi za Java hutumia Log4j kuandika yanayotendeka ndani yake. Msimbo huugusi, unafungua faili la mipangilio, unabadili neno moja. Ukiweka DEBUG, inaandika karibu kila hatua. Ukiweka ERROR, yanaandikwa makosa tu. Mimi niliweka ERROR. Diski ilikuwa inajaa, basi.

Wiki ile ile akaja mama mmoja: kalipa, pesa zimekatwa, mzigo haoni. Tukatazama logi. Kimya. Bosi akamwambia, "Mama, kwetu hakuna kitu." Nami, eti mtaalamu, nikaitikia kwa kichwa! Siku ya tatu benki ikaleta hesabu, jina lake limo. Malipo yalipita salama, ndiyo maana hayakuandikwa.

Mtasema, si uandike yote? Mwaka 2018 Twitter iliwashauri watumiaji wake, zaidi ya milioni 330, wabadili nywila, kwa kuwa nywila zilikutwa zimeandikwa wazi kwenye logi ya ndani. Jamani, mtu kukupa siri si ruhusa ya kuinukuu.

Siku hizi naweka INFO, malipo yanaandikwa, nywila zinafichwa kwanza. Ila yule mama hajarudi, na namba yake ya simu hakuna aliyeiandika.