Aliyechorwa Ana pa Kujibia?

Kijana mmoja wa kambini alituletea katuni mbili. Ya kwanza: afisa wa shirika ndani ya gari, vioo vimefungwa, watu nje wanapiga kelele. Ya pili: mama kwenye foleni ya maji, amechorwa na mdomo wa fisi, bidoni sita mbele yake. Tulikuwa tumekaa Nyamirambo, tukazicheka zote mbili. Mzee mmoja akauliza, "Mnacheka nini, wanangu?" Tukanyamaza.

Hapa Kigali swali hilo si la mchezo. Kabla ya mauaji ya kimbari, gazeti la Kangura lilichapa katuni pamoja na maneno ya chuki, likiwaita Watutsi mende. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani mhariri wake, Hassan Ngeze.

Wengi husema: chora wakubwa, waache wadogo. Nami niliamini hivyo. Lakini Agathe Uwilingiyimana alikuwa Waziri Mkuu, na magazeti ya chuki yalimchora kwa kuuvunjia heshima mwili wake. Tarehe 7 Aprili 1994 askari walimuua. Cheo alikuwa nacho, kinga hakuwa nayo. Basi cheo peke yake hakitoshi kuwa kipimo.

Mimi nauliza hivi: aliyechorwa ana pa kujibia? Mwaka 1832 huko Ufaransa, Honoré Daumier, aliyechora katuni zake juu ya jiwe la kuchapia, alifungwa kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe akimeza mali ya raia. Mfalme alikuwa na pa kujibia, tena alijibu kwa jela! Hapa Rwanda, Aprili 2019, Mahakama ya Juu ilifuta kifungu cha sheria ya 2018 kilichofanya kuwadhalilisha viongozi kwa maneno au katuni kuwa jinai. Naona ilifanya vizuri. Kiongozi ana redio, ana msemaji, ana mikutano.

Yule mama je? Kesho watoto watamwita Fisi bombani, naye atamjibu nani? Kijana alisema, "Lakini ni kweli anachota bidoni sita." Sawa. Kamati ya maji ipo, apelekwe huko. Na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama nyingine ni za majirani wasiojiweza.

Katuni ya fisi tumeirudisha. Kijana amekasirika, ati tunawalinda watu wetu tu. Ya afisa tunaichapa, na ukurasa unaofuata tumeuacha wazi kwa jibu lake. Tunaogopa kidogo, nisifiche: karatasi hizi tunapewa na watu wa mashirika. Ila wao wakikasirika, wanajua mlango wetu ulipo. Mama yule hata kusoma gazeti letu atasomewa.