Twaa Asali, Mwache Mama

Katika Kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, iko amri ndogo ambayo wasomaji wengi huipita upesi. Mungu awafundisha watu wake juu ya kiota. Mtu akiwa njiani, akaona kiota mtini au chini, na ndege mama amelalia mayai au makinda, ana ruhusa kuwatwaa wana. Lakini mama asimtwae, bali amwache aende zake. Na mwenye kushika amri hiyo aahidiwa heri na siku nyingi.

Huenda mtu akauliza: Mungu aliyewavusha Waisraeli baharini na kuwapa Amri Kumi mlimani ana shughuli gani na kiota? Na aitazame vema ile ahadi. Heri na siku nyingi ndizo alizoahidiwa pia yule awaheshimuye baba na mama yake, katika amri ya nne. Amri kubwa na amri ndogo zina thawabu moja. Aliyetaka mtu amheshimu mama aliyemzaa, ndiye aliyetaka pia mama wa viumbe wengine aachwe hai, ili uzazi usikome duniani.

Amri hiyo yataja ndege. Lakini wakristu wa Kilembwe, na wa nchi yote ya Fizi, wafanya vema kuisoma huku wakiwakumbuka nyuki.

Njia mbili za kurina

Kiangazi kinapofika, majani ya milima ya Lulenge hukauka. Ndipo wako watu waingiao porini na shoka na moto. Wakiona nyuki wanapita katika tundu la mti, huukata mti wenyewe. Mti uliokua tangu siku za babu zao waanguka kwa asubuhi moja. Kisha huwasha kienge cha majani makavu na kukisukuma tunduni. Nyuki huungua, malkia huungua, na majana huungua ndani ya masega. Asali hutiwa ndooni pamoja na majivu na nyuki waliokufa. Na kienge kikitupwa chini bado kina moto, upepo huuchukua, na mlima huwaka hata kuyafikia mashamba ya jirani, ambaye hata tone la asali ile hakulionja.

Iko njia nyingine, wala si ngeni. Wazee wa sehemu nyingi za Afrika wamejua tangu kale kuchonga mizinga ya magogo na kuitundika mtini. Hurina usiku, kwa moshi mwembamba, bila ndimi za moto. Hukata masega yenye asali iliyoiva, huyaacha yenye majana, na huwaachia nyuki chakula cha kutosha. Mwaka unaofuata warudi kwenye mti uleule.

Wote wawili wanarina asali. Mmoja ametwaa wana na kumwacha mama; mwingine amemwua mama pamoja na wana.

Nyumba ya binti wengi

Mtu hatamwonea huruma asiyemjua. Basi na awajue nyuki. Katika mzinga mmoja wako maelfu mengi ya nyuki, na mama yao ni mmoja tu. Watu humwita malkia, lakini kazi yake si kuamuru, ni kuzaa. Wakati wa maua mengi aweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku moja. Wafanyakazi wote ni binti zake. Katika majira ya kazi nyingi mfanyakazi huishi majuma sita hivi, na katika maisha yake yote hutengeneza asali ipatayo sehemu moja tu kati ya 12 ya kijiko cha chai. Basi mwenye kulamba kijiko kimoja amelamba kazi ya maisha ya nyuki 12. Na sehemu kubwa ya akiba ile hawakujiwekea wenyewe. Waliwawekea ndugu ambao bado hawajazaliwa.

Mtaalamu Karl von Frisch, mzaliwa wa Austria, alionyesha kwamba nyuki aliyegundua maua hurudi mzingani na kucheza ngoma juu ya sega, na kwa ngoma ile huwajulisha wenzake upande na umbali wa maua. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wataalamu wenzake wawili. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 11, kilikwisha kuonya zamani kwamba nyuki ni mdogo kati ya viumbe warukao, lakini mazao yake yapita yote kwa utamu. Mungu hapimi wafanyakazi wake kwa ukubwa wa mwili.

Tena asali si kazi yao kubwa kuliko zote. Mama wa Kilembwe aliyepanda maboga na aende shambani asubuhi mapema, ayatazame maua. Ataona maua ya namna mbili: dume, na jike lenye kibuyu kidogo chini yake. Vumbi la manjano liitwalo chavua lisipotoka kwa dume likafika kwa jike, kile kibuyu hunyauka na kuanguka. Upepo hauwezi kazi hiyo, kwa kuwa chavua ya boga ni nzito na yanata. Wadudu ndio waichukuao, na hasa nyuki. Matango na matikiti nayo ni hivyohivyo, na mibuni huzaa vizuri zaidi ikitembelewa na nyuki. Ni kweli kwamba mahindi hutegemea upepo, na muhogo hupandwa kwa kijiti. Lakini Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lafundisha kwamba katika kila aina nne za mimea impayo mtu matunda au mbegu za kula, aina tatu hivi zategemea wachukuzi wa chavua, walau kwa sehemu. Hivyo anayechoma mzinga porini aweza kupunguza mboga katika chungu cha mkewe, naye asijue.

Msimamizi si mwenye mali

Wengine husema: Mungu alimpa mtu amri ya kuitawala dunia, basi nyuki ni wetu, na miti ni yetu. Maneno hayo yamesomwa nusu. Sura ya kwanza ya Kitabu cha Mwanzo yasema juu ya kutawala, lakini sura ya pili yaeleza namna ya kutawala: Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Kulima ni kupata faida. Kutunza ni kumwachia atakayekuja. Mwenye kulima bila kutunza ameshika nusu ya agizo. Bwana aliyemwachia msimamizi nyumba yake, akirudi, hatauliza tu ni kiasi gani kimeliwa, bali atauliza pia ni kiasi gani kimebaki.

Mwaka 2015 Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliwaandikia watu wote barua iitwayo Laudato si', juu ya kuitunza dunia iliyo nyumba ya wote. Katika barua hiyo aliutaja msitu wa bonde la Kongo pamoja na ule wa Amazon kuwa ni mapafu ya dunia. Nayo milima ya Itombwe, ambayo sehemu yake imo katika teritwari ya Fizi, ilifanywa hifadhi mwaka 2006. Lakini karatasi ya serikali haizimi moto. Moto huzimwa na mtu aliyeuwasha, au na jirani yake mwenye dhamiri.

Hata mila za wazee zilijua sheria ya kubakiza. Yuko ndege mdogo ambaye huwaita watu porini, akiruka kutoka mti hata mti, mpaka awafikishe penye nyuki. Peke yake hawezi kulifungua tundu. Warina asali wengi, wakimaliza, humwachia kipande cha sega, kwa kuwa chakula chake ni nta. Uchunguzi uliofanywa kwa Waborana wa Kenya, ukatangazwa mwaka 1989, ulionyesha kwamba mrina asali asiye na kiongozi alitumia saa 9 hivi kabla ya kuona nyuki, lakini aliyeongozwa na ndege huyo alitumia saa 3 tu na kidogo. Mtu na ndege hawana lugha moja, nao wameshika agano. Je, Mkristu, aliye na Maandiko na Sakramenti, ashindwe kushika agano na viumbe vya Muumba wake?

Mfano wa mjomba na mpwa

Lakini amri ya kumwacha mama ina gharama yake, na fundisho lisilotaja gharama si fundisho kamili. Usikilizwe mfano huu.

Kijana mmoja alifika chini ya mti wenye nyuki, akiwa na shoka na kienge. Akamkuta huko mjomba wake, mrina asali wa siku nyingi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Shoka la nini?”

“Mjomba, mama amelala siku ya tatu kwa homa. Dawa yataka fedha leo, si mwakani. Nikiwaachia nyuki nusu, nusu ile ndiyo nitakayokosa.”

Mzee hakumkemea. Alikaa juu ya mzizi, akafikiri, akasema: “Umesema kweli. Mama yako ni dada yangu, tumbo moja lilituzaa. Lakini mti huu babu yako aliurina, nami nimeurina, na kila mara tulimkuta mama nyumbani. Ukimwua leo, mama yako akiugua tena mwakani, utakwenda kwenye mti gani?”

Kijana alitazama chini.

“Rina masega ya pembeni,” mzee akaendelea. “Yale yenye majana yaache. Kitakachopungua nitakitoa katika mtungi wangu. Utanilipa msimu ujao, kwa asali ya mti huuhuu.”

“Na nyuki wakihama, mjomba?”

“Wakihama, deni limekufa.”

Mfano huu wafundisha mambo mawili. La kwanza: mwenye shida hatendi dhambi kwa kutafuta dawa ya mama yake, Mungu ndiye aliyemruhusu kutwaa wana wa kiota. La pili: haifai kumwambia maskini tu, Acha kukata, acha kuchoma, kisha kumgeuzia mgongo. Mwenye mtungi na aufungue. Viumbe vya Mungu havitalindwa na watu wasiolindana wao kwa wao.

Mambo ya kutenda

Mti wenye nyuki usikatwe kwa ajili ya asali. Kienge kigeuzwe kuwa moshi: majani mabichi kidogo juu ya makaa, ndani ya chombo, nacho kizimwe kwa maji kabla ya kuondoka. Masega yenye majana yaachwe, na akiba ya asali ibaki. Anayetaka asali nyingi na atundike mizinga. Gogo lililochongwa latosha kwa kuanza, na ule mzinga wa sanduku wenye vijiti juu, ulioenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1970, wamwezesha mtu kutoa sega moja moja bila kuvunja nyumba nzima. Dawa za kuua wadudu zisinyunyizwe asubuhi juu ya maua yaliyofunguka. Na mwenye kusafisha shamba kwa moto na akate kwanza njia pana ya kuuzuia, tena asiwashe siku ya upepo.

Nyuki mkali asichukiwe kwa ukali wake. Yeye hulinda mama na wadogo zake, na kila auchomaye mwiba wake ndani ya mwili wa mtu hufa mwenyewe. Mwenye mji na auweke mzinga mbali na njia ya watoto, yatosha.

Tena Kanisa lina deni kwa nyuki. Mtakatifu Yoane Mbatizaji aliishi jangwani kwa nzige na asali ya mwitu. Mtakatifu Ambrosi, ambaye sikukuu yake ni tarehe 7 Desemba, ndiye msimamizi wa wafuga nyuki. Na usiku wa Pasaka, mbele ya mshumaa mkubwa, wimbo wa sifa wamshukuru Mungu kwa nta iliyotengenezwa na nyuki, na katika Kilatini wamtaja nyuki kwa jina la mama. Basi wakristu waliosimama gizani na kuipokea nuru ile, wataendaje tena mlimani kumchoma mama huyo?

Maswali ya kukumbuka

Swali: Nani ni mwenye nyuki na misitu?
Jibu: Mungu Muumba ndiye mwenyewe, mtu ni msimamizi wake.

Swali: Je, ni dhambi kurina asali?
Jibu: Hapana. Asali ni zawadi ya Mungu. Kosa ni kuharibu bure, na kuwanyima watakaokuja.

Swali: Mtu aliyewasha moto, ukateketeza shamba la jirani, afanye nini?
Jibu: Atubu, tena alipe hasara kwa kadiri awezavyo.

Swali: Aliye na mali ana wajibu gani kwa maskini aishiye kwa kuchuma porini?
Jibu: Kumsaidia katika shida yake, ili asilazimike kumwua mama kwa ajili ya chakula cha siku moja.

Azimio la juma hili: kila mzazi awapeleke watoto wake asubuhi kwenye maua ya maboga, awaonyeshe nyuki kazini, na pamoja nao amshukuru Mungu.