Ana Shughuli, Yatosha

Wajukuu zangu, kabla hamjazaliwa nilikuwa katibu muhtasi. Daftari la miadi ya bosi lilikaa kwenye droo, na ufunguo wa droo ulikaa kwenye mkoba wangu. Mtu akipiga simu, "Bosi yupo?" nilimjibu, "Ana shughuli mpaka saa nane." Shughuli gani, wapi, na nani, hayo hayakutoka kinywani mwangu. Naye aliyepiga hakupungukiwa kitu: alijua saa ya kupiga tena.

Leo kila mmoja wenu ni katibu muhtasi wa nafsi yake, ila droo mmeiacha wazi barabarani.

Mwaka jana tulikuwa na harusi. Mmoja wenu, simtaji, akataka kamati ione vikao vyote kwenye simu, na ndugu zetu wa Muscat nao waone. Nikamsifu. Kumbe hakufungua kalenda mpya. Alichukua ile ile ya nyumbani, akaiweka hadharani, akatupa kiungo kwenye kundi la WhatsApp. Siku ya tatu mwanakamati mmoja akanishika mkono sokoni: "Pole dada yangu, kliniki ya moyo wanasemaje?" Habari hiyo hata wanangu wote sikuwa nimewaambia. Na chini ya kliniki palikuwa na mstari mwingine: "Wote Tanga, Ijumaa hadi Jumapili." Tulikuwa tumemwandikia mwizi ratiba yake.

Basi sikieni. Kalenda ya Google, iliyoanza mwaka 2006, hukuachia uchague: watu wasome kila neno, au waone tu kama una nafasi au huna. Hilo la pili ndilo jibu langu la simu. Ukiifungua kwa umma, hata mitambo ya kutafuta mtandaoni yaweza kuiokota. Ile anwani ya siri nayo, ya kusomea kalenda kwenye programu nyingine, haiulizi nywila, aliyeipata anasoma. Ikivuja, ibadilishe, ya zamani itakufa. Lakini aliyekwisha kupakua nakala anayo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nanyi mnaotazama kalenda za wenzenu, jueni kwamba kupakua faili si sawa na kujiunga na kalenda. Faili ni habari ya siku ile uliyoichukua; kikao kikisogezwa, utakwenda kukaa na viti. Aliyejiunga huletewa mabadiliko, ila huweza kuchelewa saa kadhaa. Kikao kikiahirishwa leo kwa leo, pigeni simu.

Tena mashine haihesabu saa kama sisi. Kikao cha saa tatu asubuhi ukikiandika 3:00, utawaamsha wazee wa watu saa tisa usiku. Andika 9:00, na eneo la saa liwe la hapa. Muscat wako saa moja mbele yetu. Simu zao zitajigeuzia zenyewe.

Harusi ilipita salama, kwa kalenda yake yenyewe iliyobeba vikao tu. Kliniki yangu nimeirudisha kwenye daftari, kwa kalamu. Mkiniuliza Jumanne nitakuwa wapi, jibu mnalijua: bibi ana shughuli mpaka saa nane.