Kosa Lisilo na Mkosaji

Katika Ziwa Victoria mna mwani usioonekana ila kwa hadubini, uitwao Aulacoseira, wa jamii ya diatomu. Kila seli yake hukaa ndani ya gamba la kioo lenye umbo la mkebe, na mikebe hiyo hushikana kwa vimiiba ikawa mnyororo. Kioo ni kizito. Pepo zikitulia mnyororo huzama, na ziwa likichafuka, hasa kati ya Juni na Agosti, huinuka tena.

Mwaka 1960 mwani huu ulikuwa bado miongoni mwa iliyotawala ziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umekaribia kutoweka. Haukufa kwa sumu, bali kwa neema. Udongo wa mashamba na maji machafu ya miji vilileta fosforasi, diatomu zikastawi kupita kiasi, zikaimaliza silika ya kujengea magamba na kuzama nayo matopeni. Waliorithi nafasi ni Nitzschia, mwembamba asiyehitaji kioo kingi, na mwani wa kijanikibluu. Huko chini, hewa ya oksijeni ikapungua.

Basi nani amekosa? Mama aliyelima mteremko juu ya mto Nzoia ili wanawe wale? Udongo uliomtoka kwa mvua ya siku moja haukubadili kitu. Wako wasemao kwamba pasipo mkosaji hapana kosa, kuna msiba tu, kama ukame. Siafiki, ukame haukutokana na majembe yetu. Wengine husema sote tuna hatia, na hilo naliona ni njia ya adabu ya kutomdai mtu yeyote.

Mimi naona hatia haipimwi kwa wingi wa udongo, bali kwa kujua na kuweza. Matope ya ziwa yalipochunguzwa, yalionyesha kuwa mabadiliko yalianza tangu miaka ya 1930, wakati hakuna aliyeyajua. Leo yanajulikana, lakini (na hapa ndipo pagumu) ajuaye si yule ashikaye jembe. Kukinga mteremko kwa matuta ni kazi ya siku nyingi, na siku hizo mama yule anazihitaji kwa kibarua. Kumwamuru achimbe matuta bure ni kumlipisha yeye deni ambalo wenye viwanda vya sangara, na serikali zinazowatoza kodi, hawajaulizwa.